Muziki masikioni umenikosanisha na baraza

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34. Tunashona watu wanne kwenye baraza moja karibu na soko, na kuna binti mwanagenzi ambaye mimi ndiye ninayemfundisha. Baraza ni la Mzee. Naye bado anashona, ingawa siku hizi anachagua kazi: suti na kanzu, basi. Nyingine zote zinatushukia sisi.

Ramadhani iliyopita mdogo wangu wa kike anayefanya kazi Muscat alinitumia kimashine cha kusikilizia muziki, hivi ambavyo watu huviita MP3. Kinakaa mfukoni mwa shati, kinatumia memori kadi, ukikichaji usiku kinafika jioni ya pili bila shida. Kikubwa zaidi, hakipigiwi simu. Nikisikiliza muziki kwenye simu, mara mteja anauliza gauni lake, mara kundi la ukoo linachangishana, na nikishaishika mkononi robo saa imekwenda. Hiki hakinisumbui. Kinaimba tu.

Tangu kifike, siku yangu imegeuka. Zamani nikifika saa mbili tulisalimiana, Mzee akawasha redio, tukaanza kazi huku tukibishana kuhusu mpira. Sasa natoka nyumbani spika zikiwa tayari masikioni. Nafika, nawapungia mkono, naketi. Jumapili nilizoea kufungua cherehani, kutoa vumbi la nyuzi na kutia mafuta. Sasa nashinda kwa kijana wa kibandani anayeniwekea nyimbo kwenye kadi.

Na kazi inakwenda, Shangazi, hilo lazima niliseme. Tuna tenda ya sare za shule. Kuunga sketi zilezile kutwa nzima kulikuwa kunanichosha mpaka nasinzia kwenye cherehani, lakini sasa sioni saa zikipita. Mzee mwenyewe alihesabu mafungu yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini wenzangu wamenichoka. Mzee akinihitaji hunirushia kipande cha chaki, kwa sababu kuita amekata tamaa. Anasema baraza si kaburi. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja na vitenge vya sare za harusi, wako sita kwenye kundi lao. Alisimama mbele yangu akasalimia, mimi nimeinamia mshono. Akasogea kwa fundi wa baraza la jirani na kazi yote ikabaki huko. Mzee alinyamaza mchana kutwa. Jioni wakati tunafunga akaniambia nichague mashine moja, ya mikono au ya masikio.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Kwenye kushona nimekuwa mwepesi, lakini kwenye kukata nimekuwa mzito. Naweka futi, nasoma kiuno, nikienda kuweka alama ya chaki namba imepotea, narudi kupima upya. Sijui kama ni muziki au ni umri.

Mke wangu naye analalamika kwamba hata nyumbani naingia nimeziba masikio. Na kuna kijana wa bodaboda anakitaka kimashine hiki kwa shilingi 40,000 taslimu. Nimuuzie niishi kwa amani?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba, fundi wangu.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mtu wa kumkaripia, nikakosa. Mzee ana haki, mama wa vitenge ana haki, na wewe unayesinzia juu ya sketi za bluu nawe una haki ya kutafuta kitu cha kukuamsha. Ninachokiona ni hiki: umechukua dawa nzuri ukainywa kutwa nzima, kutoka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwa kazi zote, kana kwamba fundi ana kazi moja. Fundi ana kazi nne au tano ndani ya siku moja, na masikio yana nafasi tofauti katika kila moja.

Tuanze na zile sketi, maana hapo niko upande wako. Mshono ulionyooka, kitambaa kilekile, kipimo kilekile: mikono yako inaijua kazi hiyo bila kukuuliza. Akili inayokosa la kufanya ndiyo inayolala. Hilo lilijulikana zamani. Juni 1940, vita vikiwa vimepamba moto, BBC ilianzisha kipindi cha muziki kilichotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya Uingereza, na kikadumu mpaka 1967. Angalia walivyokipanga: nusu saa asubuhi na nusu saa alasiri. Hawakupiga muziki kutwa. Walilenga saa ambazo watu huanza kulegea, wakachagua tuni zinazojulikana, zenye mwendo usiopandapanda na sauti isiyoshuka ghafla. Wimbo uliokuwa unawafanya watu waache vifaa wapige makofi uliondolewa. Walikuwa wanatafuta kazi, si tamasha.

Nawe fanya hivyohivyo. Muziki unaolia saa kumi mfululizo huacha kuwa muziki. Baada ya muda huusikii tena, unaongeza sauti ili uusikie, kisha huusikii tena. Mwambie kijana wa kibandani akupangie nyimbo kwa mafungu ya nusu saa. Fungu moja lianze saa nne hivi, chai ikishashuka tumboni, na jingine baada ya chakula cha mchana, wakati ambapo Morogoro yenyewe inasinzia kwa joto. Siku za sare ongeza la tatu. Fungu likiisha, simama, nyoosha mgongo, angalia kuna nani barazani. Utapata na saa ya kukupangia kazi bila kuitazama simu unayoikimbia.

Sasa kukata. Huo si umri, una miaka 34 tu! Unaposoma kiuno 32 kwenye futi na kugeuka kuchukua chaki, namba hiyo unaishikilia kwa kuisema kimoyomoyo: thelathini na mbili, thelathini na mbili. Sasa mtu anakuimbia masikioni kwa Kiswahili, lugha ileile unayohesabia. Maneno yake yanaingia mlango uleule na kuisukuma namba yako nje. Watafiti wa kumbukumbu wamelipima jambo hili kwa miaka mingi na wamekuta kwamba maneno yanayosikika huharibu kazi ya kukumbuka maneno na namba kuliko ala tupu, hata kama msikilizaji anadhani hayajali. Kwa hiyo mkasi ukiwa mkononi, spika zitoke masikioni. Na si sikio moja tu, yote mawili. Kitambaa cha mtu kikishakatwa hakirudishwi kwa kubonyeza kitufe.

Ukishapima, kukata na kuweka alama, rudi kwenye cherehani na muziki wako. Lakini chagua. Rumba ya Kongo inakufaa, kwa kuwa wengi wetu tunaifurahia miaka nenda rudi bila kujua Kilingala kinasema nini, na gitaa lake linatembea bila haraka. Jihadhari na sebene tu, ile sehemu ambapo gitaa linakimbia. Kama cherehani yako ni ya kukanyaga, miguu itafuata gitaa utake usitake. Wimbo ukichanganya, nawe unachanganya, na mshono wa pindo unakwenda kama umelewa. Taarabu iache kwa ajili ya nyumbani. Taarabu yenye mafumbo haisikilizwi nusu nusu. Utakuta umesimamisha mashine ukitafuta nani kapigwa kijembe.

Na wakati mwingine usiweke kitu chochote. Cherehani inasema. Unajua mwenyewe sauti ya sindano iliyopinda inavyogonga, na jinsi mlio unavyokuwa mwepesi uzi wa bobini ukiisha. Kwenye kazi ngumu, gauni la harusi au kitambaa kinachoteleza, sauti hiyo inakuonya kabla jicho halijaona. Kwenye sketi za sare hasara ya kuikosa ni dakika mbili za kufumua. Kwenye satini ya bibi harusi si dakika mbili.

Nije kwa mama wa vitenge. Hapo sina utetezi wa kukupa. Lakini ujue kwamba hata waliotuletea jambo hili walilihofia. Sony walipotoa Walkman ya kwanza, kimashine cha kaseti cha kutembea nacho, Japani, Julai 1979, waliitengeneza na matundu mawili ya spika za masikioni ili watu wawili wasikilize pamoja, na juu yake wakaweka kitufe cha rangi ya machungwa. Ukikibonyeza, muziki unashuka na maikrofoni ndogo inakuletea sauti ya mwenzako. Mwenyekiti wao, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki peke yake mbele ya wengine. Watu walinunua, wakasikiliza peke yao, na kitufe hicho kikatoweka kwenye matoleo ya baadaye. Kimashine chako hakina kitufe cha adabu, kwa hiyo kitufe ni wewe.

Geuza meza yako. Umeniambia ulikuwa umeinamia mshono na mama akasimama mbele yako, nami naamini kwamba hata bila muziki ungechelewa kumwona. Kaa upande ambao jicho linaona anayepanda barazani. Wakati wa muziki vaa spika ya sikio moja, lile la upande wa ukutani, na sikio la barabarani liwe la wateja. Mteja akikanyaga baraza, spika inatoka na inaning'inia shingoni, aone kwa macho yake kwamba umemtolea. Watu wetu husamehe mengi lakini salamu isiyoitikiwa hawaisahau. Huyo mama amekwishawaambia wenzake watano kwamba fundi yule anaringa. Kama unajua anakoishi, mtume mke wako akamsalimie. Usiende kuomba tenda, imekwisha kwenda. Salamu tu. Watoto wake watahitaji sare Januari.

Mzee ndiye aliyenifikirisha zaidi. Ametaja mashine, lakini sidhani kwamba ugomvi wake ni na mashine. Mtu wa umri wake, tena wa Morogoro, amekulia katika mji wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Muziki kwake ni kitu kinachotoka kwenye redio au jukwaani na kuwafikia wote walioko pale, wanaoupenda na wasioupenda. Huko Usukumani walilima kwa ngoma ya bugobogobo, majembe yakipanda na kushuka kwa pigo moja, na aliyechoka alibebwa na sauti ya wenzake. Wewe umewanyima wenzako ule ubishi wa mpira, ukaondoka nao pia muziki, ukiwa umeketi hapohapo. Mtu akisafiri anaaga. Wewe hukuaga, ulipunga mkono.

Kwa hiyo kesho: ingia bila kitu masikioni. Toa shikamoo yako kwa Mzee kwa mdomo, ngoja marahaba, kaa na redio yake mpaka saa nne. Kisha kuna jambo moja dogo. Tazama nyuma ya redio yake kama ina tundu la kuingizia sauti kwa waya, lile linaloandikwa AUX, baadhi ya redio zinalo. Kimashine chako kinaweza kuunganishwa hapo kwa waya wa shilingi elfu chache. Muulize nyimbo gani za zilipendwa anazitamani na hazisikii tena redioni, umpelekee kijana wa kibandani orodha, na alasiri moja uzipige baraza zima lisikie. Mwache yeye achague siku. Nina hakika hatakuuliza tena uchague mashine gani, na kama atauliza, mwambie Shangazi amesema anisamehe mimi.

Binti mwanagenzi umemtaja kwa sentensi moja, nami nimekaa na sentensi hiyo siku mbili. Nani anamfundisha sasa? Kazi ya ufundi haifundishwi kwa somo. Inafundishwa kwa yale maswali madogo yanayotoka wakati mikono inafanya kazi: huku nipunguze, hapa niache upana gani wa mshono, mbona uzi unakatika. Mwanagenzi akiona mwalimu wake ameziba masikio, hatakugusa bega kila mara. Ataona haya na ataharibu kimyakimya, au atamuuliza fundi wa jirani, na mwisho wa mwaka utashangaa mkono wake umefanana na wa jirani. Saa za kwanza za asubuhi na saa ya mwisho kabla ya kufunga ziwe zake, bila muziki kabisa. Saa hizo ndizo mpe kazi mpya. Nusu saa zako za muziki mpe kazi anayoijua tayari, kutia vifungo au kupiga pasi, na mwambie wazi kwamba akikwama aje akuguse na hutakunja uso. Usipomwambia, hatakuja.

Masikio yenyewe sasa. Saa kumi kwa siku, siku sita, ni saa 60 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi saa 40 kwa wiki kama sauti iko desibeli 80, na ikipanda hadi 90 zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Umeona inavyoporomoka? Na wewe uko barabarani, bodaboda zinanguruma na muuza CD ana spika yake, hivyo lazima unapandisha sauti ili muziki wako ushinde wa kwao. Usiishindanishe. Ukomo wako uwe zaidi kidogo ya nusu ya kipimo cha sauti. Mwambie binti asimame umbali wa mkono mmoja na azungumze kawaida, usipomsikia, umezidisha. Jioni ukilala ukisikia mlio mwembamba ndani ya kichwa, hiyo ni onyo. Vile vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa haviponi, na hakuna fundi wa kuvishona.

Waya ndio unaonitisha, maana hukuutaja. Spika zako zina waya? Basi usiuache ukining'inia kifuani juu ya cherehani. Gurudumu na mkanda wake haviulizi kama huu ni uzi au ni waya, na kichwa chako kiko mwisho wake. Upitishe ndani ya shati, utokee nyuma ya shingo. Kimashine kikae mfuko wa suruali, mbali na pasi ya mkaa, kwani betri yake haipendi joto. Na spika za masikioni haziazimwi, hata kwa rafiki. Jasho na nta vinatosha kukuletea sikio linalouma.

Cherehani imekosa mafuta tangu lini? Umesema Jumapili zimehamia kibandani. Kijana anaweza kukuwekea nyimbo kwa dakika chache wakati unapita kununua nyuzi, wala haihitaji siku nzima. Jumapili irudi kwa cherehani, na hapo vaa spika zote mbili ukipenda, hakuna mteja wala chaki inayoruka.

Mke wako ana haki. Vua mlangoni, na usinijibu.

Kuhusu yule kijana wa bodaboda, usimuuzie. Kwanza sitaki kusikia mtu anaendesha pikipiki katika barabara za Morogoro masikio yake yakiwa yamezibwa, na kama atakinunua kwako nitakuhesabia wewe. Pili, mdogo wako amekaa Muscat katika nyumba za watu, akatoa kwenye mshahara wake, akafikiria kaka yake apende nini. Akija likizo atakiuliza kabla hajakaa.

Shangazi